Mwalimu wa Kiti cha Pembeni

Watu wakiniuliza nilipita njia gani mpaka nikawa mwanamke anayelipwa kuendesha gari la mashindano, hutarajia niwatajie chuo cha Ulaya au baba tajiri. Mimi huwatajia ofisi ya chumba kimoja pale Ipogolo, Iringa, yenye mlango wa bati, na nje yake gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu. Halafu huwatajia mzee mmoja mrefu aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Sote tulimwita Mwalimu. Marehemu mke wake alimwita Mwalimu. Hata trafiki waliomsimamisha barabarani walimwita Mwalimu, kwa sababu nusu yao walikuwa wamejifunzia kwake.

Nilipelekwa kwake na mama. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa na duka la vitenge mjini, Miyomboni. Mzigo aliufuata Tunduma, mpakani, na kila safari alikodi dereva, na kila dereva alimtesa kwa namna yake. Mmoja alilewa Makambako. Mwingine alipakia abiria juu ya marobota. Nilipomaliza kidato cha nne mama akanunua pikapu kuukuu, akaniambia, "Zuhura, kuanzia leo dereva ni wewe." Akanishika mkono mpaka Ipogolo kama mtoto wa chekechea.

"Nifundishie huyu," alimwambia Mwalimu. "Sitaki mbwembwe. Nataka aende Tunduma na arudi."

Mwalimu akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Kesho uje na viatu vya kufunga, dereva," akasema.

Ndivyo alivyoniita, kabla sijagusa usukani, na ndivyo alivyoniita siku zote. Wanafunzi wake wote walikuwa madereva tangu siku ya kwanza. Alisema hakuna mtu anayejifunza kuwa dereva. Mtu anajifunza kuacha kuwa abiria.

Kesho yake nilikuja na viatu vya kufunga, nikidhani nitaendesha. Akanionyesha barabara inayopanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, ile yenye kona zinazobana mlimani.

"Panda kwa miguu mpaka juu. Ukirudi uniambie umeona nini."

Nilipanda, nikashuka, jasho likinitiririka chini ya mtandio.

"Umeona nini?"

"Nimeona barabara, Mwalimu."

"Rudi."

Nilirudi nikiwa nimekasirika. Mara ya pili niliona mchanga uliomwagika kona ya tatu. Mara ya tatu niliona maji yanayochuruzika kutoka kwenye jiwe, na mahali penye kivuli ambapo lami huwa imelowa mpaka saa sita mchana. Niliona pia alama za matairi ya watu walioshika breki kwa kuchelewa. Niliposhuka na kumweleza yote hayo, akafungua mlango wa gari upande wa dereva, akaufuta usukani kwa leso yake, akasema, "Haya. Sasa unaweza kukaa."

Leso hiyo ilikuwa nyeupe na imepigwa pasi. Mwalimu alikuwa mtu wa kujipenda kwa namna ya kimyakimya. Viatu vyake vilikuwa viking'aa hata msimu wa mvua, na alichana nywele kabla ya kuvaa helmeti, jambo lililonichekesha mpaka akaniambia kwamba kama atakufa anataka wamkute amechana. Jumapili aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Siku nyingine aliimba garini, tumbo likitetemeka, na mwanafunzi akikosea gia aliacha kuimba, akasubiri, kisha akaendelea pale alipoachia. Asubuhi alinisalimu "Kamwene," kwa Kihehe, na hakuwasha injini mpaka nimeitikia vizuri, ingawa kwetu tunasalimiana kwa Kiswahili na shikamoo.

Ukutani ofisini kwake ilitundikwa picha moja. Kijana mwembamba amekaa juu ya boneti la gari lililojaa tope, kombe mkononi, meno yote nje. Nilimuuliza huyo ni nani.

"Ni mtu aliyekuwa na bahati," akajibu, akaendelea kujaza fomu.

Wengine ndio walionisimulia kwamba enzi zake alishindana mbio za magari, kwanza akiwa msoma ramani, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, kisha akiwa dereva mwenyewe, na kwamba kuna vipande vya barabara za msituni ambako muda wake haukuvunjwa kwa miaka. Nilishindwa kuamini. Mtu huyu hakuzidisha kilomita hamsini kwa saa. Tukienda Mafinga kwa mazoezi, ng'ombe wakivuka barabara alizima gari kabisa na kusubiri mpaka ndama wa mwisho apite. Waendesha baiskeli waliobeba magunia ya mkaa walitupita. Siku moja dereva wa basi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, hilo gari ni la maonyesho?" Mwalimu akavua kofia akampungia.

"Mwalimu, hivi hatuwezi kukimbia hata kidogo?" nilimuuliza.

"Hapa wanaishi watu. Mahali pa kukimbia hufungwa kamba kwanza."

Na alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Nilipofanya mtihani wa leseni, afisa alinipitisha, akanipa mkono. Nilikuwa tayari nimeshampigia mama simu. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando, akamwendea afisa na kumwambia kwamba wakati wa kutoka kituoni sikuangalia kioo cha kushoto. Afisa akacheka, akasema si neno. Mwalimu akasema kwake ni neno. Nikarudia wiki iliyofuata. Nililia kwa hasira njia nzima, naye akaimba njia nzima. Mpaka leo siwezi kuondoa gari bila kuangalia kioo cha kushoto.

Nasimulia haya ya ukweli wake kwa sababu ndiyo yaliyonipa shida kubwa baadaye.

Mbio ziliingia maishani mwangu siku ya mvua. Nilikuwa nimeshapata leseni, naenda Tunduma na kurudi na vitenge vya mama, lakini Jumamosi nilikuwa namfuata Mwalimu kwa hiari yangu ili anifundishe njia za udongo. Tulikuwa kwenye misitu ya misonobari ya Mafinga. Nilikuwa namweleza jinsi mama alivyogombana na mteja, na katikati ya maneno gari likateleza, mkia wake ukatupwa nje ya njia. Nikageuza usukani, nikakanyaga mafuta kidogo, gari likanyooka, nami nikaendelea na habari za mteja. Mwalimu akageuka kutazama nyuma. Kisha akasema, "Simama."

Akashuka kwenye mvua na viatu vyake vinavyong'aa, akarudi nyuma kwa miguu mpaka pale gari lilipoteleza. Niliona kwenye kioo akiinama, akizitazama alama za matairi, akizipima kwa hatua. Akarudi akiwa amelowa.

"Nani kakufundisha vile?"

"Vile vipi?"

Akavua kofia iliyolowa, akaikamua. "Basi," akasema, na ndani ya hilo neno moja nilisikia furaha ambayo sikuielewa. Jumatatu nilikuta picha ya ukutani imefutwa vumbi.

Alikuja kwa mama amevaa suti. Sijui aliipasi mara ngapi. Alikaa kwenye kistuli katikati ya majora ya vitenge, magoti yakifika kidevuni, akaomba ruhusa kama mtu anayeposa. Kulikuwa na mashindano ya klabu kule Mafinga, gari lingeazimwa, yeye angekuwa msoma ramani wangu.

Mama alimsikiliza huku akikunja doti moja mara tatu.

"Mwalimu, mimi nilikupa mtoto umfundishe kubeba vitenge. Sasa unaniambia anakwenda kukimbizana na wanaume msituni?"

"Mama, huyu atakwenda tu, leo au kesho. Anaweza kwenda na mtu asiyejali. Mimi naomba aende nikiwa kiti cha pembeni."

"Na akiumia?"

"Nitakuwa nimeumia kabla yake."

Mama aliiweka doti kando. Mwishowe alisema, "Avae suruali pana. Na nywele zifunikwe." Mwalimu akamwahidi kwamba sheria za mbio zinalazimisha kila mtu afunike kichwa, tena kwa kofia ngumu. Hapo mama akacheka, na mambo yakawa yameisha.

Alinifundisha kwa kunipunguzia vitu. Kwanza alininyima kipimamwendo kwa kukibandika karatasi. Kisha alinikataza kuzungumza. Alinigonga shingoni kwa penseli na kusema, "Mwendo hauko mguuni, uko hapa," akimaanisha kwamba gari huenda kule dereva anakotazama, na mwenye kutazama karibu hawezi kwenda mbali. Tulipita njia za msituni polepole mara mbili, yeye akiandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila kona ilipewa namba. Sita ni kona unayoipita kama haipo. Moja ni kona ya kusimama karibu kabisa. Siku ya mbio yeye angesoma, mimi ningeendesha kile nilichosikia, hata kama macho yangu yangesema vingine, kwa sababu kwenye vumbi na misonobari macho hayaoni mbali.

"Kazi yako ni kuniamini," alisema. "Kazi yangu ni kustahili."

Na alisoma kwa sauti ileile ya kwaya, tulivu, isiyopanda. Tuliruka kwenye matuta mpaka magurudumu yote manne yakawa hewani, na yeye akaendelea, "Kushoto tano, ndefu, kulia tatu, usikate," kama mtu anayesoma tangazo la ibada.

Mbio za kwanza tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Nilitaka kulia. Mwalimu alinunua mahindi ya kuchoma akala kwa raha. "Tumekuja kumaliza," alisema, "na tumemaliza. Gari lina milango minne kama tulivyoliazima." Mwaka uliofuata tulikuwa katikati. Mwaka wa tatu tulishika nafasi ya tatu, na baada ya hapo mzee mmoja wa Rujewa, mwenye mashine za kukoboa mpunga na mapenzi ya magari kuliko ya mpunga, akanitafuta. Alikuwa na gari la mashindano na goti bovu. Alitaka dereva wa kulipwa. Kwa hiyo pale, kwenye ua uliojaa pumba, ndipo nilipokuwa dereva wa kazi. Mwalimu alikagua gari kwa saa nzima kabla hajaniruhusu kukubali.

Alikuwa amekuwa mzee zaidi mwaka ule, lakini sikuona. Tukiwa tunasubiri zamu yetu alinipa gazeti na kuniomba nimsomee, akisema sauti yangu inafaa habari za siasa. Kwenye mbio alikuwa akijua kurasa nzima kwa kichwa. Daftari lilikaa wazi mapajani lakini nilipomtupia jicho nilimkuta ametazama mbele. Nilijivuna. Niliwaambia madereva wengine kwamba msoma ramani wangu hahitaji ramani.

Ajali ilitupata kwenye kipande cha msituni, upande wa kwenda Mgololo, mahali malori ya magogo yalipochimba njia. Tulikuwa tunakwenda vizuri kuliko siku yoyote. Nilimsikia akisema, "Kulia nne." Nne ni kona unayoingia bila kugusa sana breki. Niliingia. Kona ilikuwa mbili.

Hakuna jambo la kusimulia katika kubingirika. Mti, mbingu, mti, mbingu, kisha tukasimama tumelalia ubavu juu ya rundo la magogo, na kukawa kimya chenye harufu ya utomvu.

"Mwalimu!"

"Nipo. Wewe?"

"Nipo."

"Zima umeme wa gari."

Nikazima. Mimi sikuwa na hata mkwaruzo. Yeye alikuwa amevunjika paja. Walipomtoa hakupiga kelele, alinitazama tu, na macho yale sikuweza kuyasoma. Gari la wagonjwa likaondoka naye. Waamuzi waliponiuliza kilichotokea nilisema, "Nimesikia vibaya." Sikudanganya. Nilikuwa na hakika kwamba masikio yangu yalisikia nne, na nilikuwa na hakika zaidi kwamba Mwalimu hakosei. Mtu aliyemfuata afisa wa leseni kwa ajili ya kioo kimoja angekosea vipi namba? Basi aliyekosea ni sikio langu.

Nilikwenda hospitali kumwomba radhi. Nilisimama kando ya kitanda nikasema, "Mwalimu, nisamehe. Nilisikia vibaya." Akageuzia uso ukutani. Nilikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, nikitazama kisogo chake. Mama, ambaye nilidhani angenikataza mbio au angemlaani Mwalimu, hakufanya lolote kati ya hayo; alimpelekea uji wa ulezi kila asubuhi. Siku ya tano alirudi na chupa imejaa. Kitanda kilikuwa kitupu. Binti wa Mwalimu alikuwa amekuja kumchukua, amempeleka kwake Mbeya.

Simu ya Mwalimu haikupatikana tena. Ofisi ya Ipogolo ikafungwa, ikawa duka la vocha. Nilisikia mengi. Dereva mmoja pale stendi ya Makambako aliniambia Mwalimu hatembei tena. Mwingine alisema ameshazikwa. Sikwenda kuuliza, na hilo ndilo linaloniaibisha. Tunduma iko mbele ya Mbeya; nilipita Mbeya kila mwezi na vitenge vya mama, na kila mwezi nilijiambia kwamba mtu aliyekugeuzia uso hana haja ya kukuona. Ikapita miaka minne.

Mbio nilijaribu kuendelea nazo. Mzee wa Rujewa alitengeneza gari, akanitafutia msoma ramani kijana, makini, mwenye sauti nzuri. Lakini sikio likishakosa imani, mguu nao hukosa. Kila kona niliinua mguu. "Umesema ngapi?" nilimuuliza. "Tatu." "Tatu kweli?" Tulipofika mwisho wa kipande, magari mawili yalikuwa yametupita. Baada ya mashindano matatu ya namna hiyo mzee wa Rujewa aliniita kwenye ua wake wa pumba. Hakunifokea.

"Binti yangu," alisema, "gari ninaliona. Dereva simwoni."

Nilimrudishia ufunguo, nikarudi kwenye vitenge.

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Mwanamke alijitambulisha kuwa binti wa Mwalimu, anayeishi naye Uyole.

"Mdogo wangu," alisema, "baba katoka kufanyiwa upasuaji. Anataka uje. Anasema uje haraka."

Sikuuliza upasuaji wa nini. Niliogopa jibu. Niliondoka alfajiri, na mama alinipa kitenge kizuri kuliko vyote dukani, akanifungia vizuri bila kusema ni cha kumpa binti au cha kumfunika mtu. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, sikumbuki nilivyopita. Nilipanga maneno ya kumwambia mtu anayekufa, na kila nilipoyapanga yalivunjika. Kufika Uyole mikono ilikuwa imenikakamaa kwenye usukani.

Nyumba nilielekezwa kwa urahisi. Uani kulikuwa na lundo la viazi. Na juu ya ngazi, akiwa ameegemea ukuta, fimbo yake ameitundika kwenye nondo ya dirisha, Mwalimu alikuwa anapigilia bati.

"Baba, shuka! Daktari kasemaje?" binti yake alikuwa anafoka kutoka chini.

"Daktari kasema nisiiname. Nimeinama?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilitoka kama mtu aliyekabwa akaachiwa. Akageuka. Akashuka ngazi moja baada ya nyingine, mguu mmoja ukiburuta, akaja mpaka karibu yangu, karibu kuliko desturi yake, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Kamwene, dereva."

"Kamwene, Mwalimu."

"Una kovu kwenye nyusi. Limetokana na ajali?"

"Hapana, Mwalimu. Ninalo tangu utoto."

"Sikuwahi kuliona," akasema. "Kaa."

Tulikaa kwenye benchi, viazi mbele yetu. Binti yake akaingia ndani. Mwalimu akavua miwani myeusi ya hospitali, na ndipo akaniambia. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu mwaka ule wa mzee wa Rujewa. Alijua. Hakumwambia mtu ila binti yake. Alijua kwamba akisema atatolewa kiti cha pembeni, na mimi nitapewa mtu mwingine, na alishamwahidi mama. Kwa hiyo alikariri. Kila daftari alilikariri nyumbani, akimtumia binti picha za kurasa naye akimsomea kwenye simu usiku, mpaka likakaa kichwani.

"Siku ile nilisema nne," alisema. "Nilipoitamka tu nikajua nimekosea. Nne ilikuwa ya baada ya daraja. Nilifungua mdomo nirekebishe, na tayari tulikuwa hewani."

Niliokota kiazi kimoja, nikakishika.

"Ulipokuja hospitali ukaniomba radhi, wewe uniombe radhi mimi, nilitamani kitanda kinimeze. Nilitaka kusema. Sauti haikutoka. Halafu nikasikia umewaambia waamuzi umesikia vibaya, na nikaona nimekuwa mwizi. Nikakimbia, dereva. Kwa mguu mmoja, lakini nilikimbia."

"Mwalimu," nilisema. "Ulisema nne?"

"Nilisema nne."

"Rudia."

"Nilisema kulia nne. Ulisikia vizuri. Masikio yako hayana tatizo lolote, hayakuwahi kuwa nalo."

Ndipo nilipolia. Na katikati ya kulia hasira ikaja, nikampiga bega kwa ngumi kama mtoto. "Miaka minne, Mwalimu! Miaka minne naogopa kona!" Hakujitetea. Aliniacha nipige, akiwa ameketi wima, macho yake mapya yamefunguka, yananitazama bila kupepesa.

"Mbona hukupiga simu?" nilimuuliza nilipotulia.

"Ningeweza kukwambia kwa simu. Nilitaka nikuone uso ukikasirika. Sauti tu isingetosha, ningejidanganya kwamba umenisamehe upesi. Nilikuwa nasubiri macho."

"Na sasa umeuona?"

"Nimeuona. Ni mbaya." Akafuta machozi kwa leso, akanipa nami nifute. "Lakini nilikuwa nauwaza mbaya zaidi."

Binti yake alituletea viazi vya kuchemsha na maharage, akatukuta tunacheka na macho mekundu, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nilimfuata nikampa kitenge. Mwalimu aliuliza habari za mama, akaniomba nimpigie, na akamwambia yote yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, amesimama kando ya ngazi. Sijui mama alijibu nini. Nilimwona Mwalimu akiitikia kwa kichwa mara nyingi, na mwisho akasema, "Ahsante, mama. Nitakuja kunywa huo uji."

Niliporudishiwa simu nilimpigia mzee wa Rujewa.

"Gari bado lipo?"

"Lipo. Kuku wanatagia humo. Kwa nini?"

"Watoe kuku."

Nikamsikia akimwita mtu kwa sauti kubwa huko uani kwake.

Mwalimu alikuwa na miadi ya kukaguliwa macho mjini saa nane, na binti yake alikuwa ameshaita bajaji. Nikasema nitampeleka mimi. Alikaa mbele, akafunga mkanda, akaweka fimbo katikati ya magoti. Nilitazama kioo, nikatoka Uyole, nikashika barabara kuu iliyojaa malori. Nilisubiri anikosoe. Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyoikosa sauti ile. Sikusikia kitu. Nilipogeuka nilimkuta kichwa kimelalia dirisha, mdomo wazi kidogo, pumzi inapanda na kushuka.

Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akifumba macho ndani ya gari linalotembea, liwe la mwanafunzi, la rafiki au basi la usiku. Aliwahi kukesha kutoka Dar mpaka Iringa akimwangalizia dereva barabara kutoka kiti cha tano. Sasa alikuwa anakoroma, kwa besi, kabla hatujafika viwanja vya Nane Nane.

Tulifika mapema. Niliegesha chini ya ukuta wenye kivuli, nikazima injini taratibu, nikafungua dirisha langu apate hewa. Ilikuwa imebaki robo saa. Nikamwacha alale.